Kosa la Mashine Litalipwa na Nani?



Kila zama na wimbo wake. Tuliimbishwa utandawazi, tukaimbishwa utawala bora, tukaimbishwa serikali mtandao, na sasa wimbo ni mmoja kila unapogeuka: akili bandia, au akili mnemba kama wengine wanavyopenda kuiita. Mheshimiwa akifungua semina ataitaja. Mfadhili akiandika mradi wa misitu au wa bahari ataichomeka mahali. Hata jumuiya ndogo ya mazingira yenye meza mbili na kompyuta moja nayo inaambiwa kwamba bila ya akili bandia itaachwa na wakati, na pengine itaachwa na fedha pia.

Sina ugomvi na chombo chenyewe, na makala hii si ya kumtisha mtu. Hoja yangu ni moja tu. Kabla ya taasisi ya umma au jumuiya ya mazingira kuikabidhi mashine kazi yoyote, ijiulize na itujibu hadharani: mashine ikikosea, nani atalipa? Kama atakayelipa ni taasisi yenyewe, basi na waendelee, wajifunze kwa gharama zao. Kama atakayelipa ni mkulima, mvuvi au mjane aliye na kijumba cha urithi, basi kuna masharti ya kutimizwa kwanza, na sisi tuna haki ya kuyadai.

Pale inapofanya kazi vizuri

Tuanze na mema yake, maana haki ni kusema pande zote mbili. Chombo hiki hakijui mambo kama mimi na wewe tunavyojua. Kimeoneshwa mifano mingi, kikatafuta mfanano ndani yake, na kikiletewa kitu kipya kinakisia kwa hesabu. Mara nyingi kinakisia vizuri kuliko tunavyotegemea. Lakini kukisia ni kukisia.

Katika hifadhi ya Serengeti watafiti walitega kamera 225 zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita mbele yake. Zikakusanyika picha milioni 3.2, na watu wa kujitolea kutoka pembe zote za dunia wakawa wanakaa kwenye intaneti kuzitazama: huyu nyumbu, huyu swala, huyu fisi. Mwaka 2018 watafiti wakachapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta kazi hiyo hiyo kwa kutumia majibu ya wale waliojitolea. Kompyuta iliweza kuzishughulikia asilimia 99.3 ya picha kwa usahihi ule ule wa binadamu, yaani asilimia 96.6, na ikaokoa kazi ambayo mtu mmoja wa saa 40 kwa wiki ingemchukua zaidi ya miaka 8.

Lakini tazameni jambo moja ambalo wauza mitambo hawapendi kulisema. Usahihi huo ulipatikana kwa kuiachia kompyuta ijibu pale tu ilipokuwa na uhakika. Picha zilizoitia shaka ziliachiwa watu. Yaani mashine ilipewa mipaka, na mipaka ile ndiyo iliyoifanya iaminike.

Jirani zetu wa Kenya, Januari 2016, waliwaalika wananchi wa kawaida kwenda kuwapiga picha punda milia wa aina ya Grevy kaskazini mwa nchi. Kila punda ana michirizi yake kama sisi tulivyo na alama za vidole, na kompyuta ikatumika kuwatofautisha mmoja mmoja. Ikapatikana hesabu ya idadi yao. Hapa wananchi walishiriki, kompyuta ikasaidia, na wataalamu wakaendelea kubeba dhamana ya matokeo.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na chungu chetu. Watafiti walipiga picha za majani ya muhogo katika mashamba ya majaribio ya Bagamoyo, wakaifundisha programu kuyatambua maradhi ya muhogo, na ikatoka programu ya simu inayoitwa Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila ya intaneti. Hilo la kufanya kazi bila ya intaneti si dogo. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka kisiwa kizima kukaa gizani baada ya kukatika umeme unaotoka Bara. Chombo cha umma kinachokufa umeme ukikatika hakijajengwa kwa ajili yetu. Na kuna funzo jengine hapo. Watafiti hao hao waliichukua programu yao kutoka kwenye picha nzuri za majaribio wakaipeleka shambani, kwenye simu, na mwaka 2019 wakachapisha waziwazi kwamba uwezo wake ulishuka sana pale dalili za ugonjwa zilipokuwa bado hafifu. Hawakuficha. Huo ndio uungwana wa kitaalamu tunaoutaka.

Punda milia hakati rufaa

Sasa tujiulize. Kompyuta ikimwita swala kongoni, nani ameumia? Hakuna. Swala ataendelea kula majani, na mtafiti atarekebisha jedwali lake. Kosa lile linalipwa na mtafiti mwenyewe, kwa muda wake na kwa jina lake.

Lakini mashine ile ile ikihamishwa kutoka kuhesabu wanyama ikapelekwa kuhesabu watu, nyumba zao na mashamba yao, bei ya kosa inabadilika. Asilimia 96.6 ni sifa kubwa kwa picha za nyumbu. Kwa nyumba za watu, maana yake ni kwamba katika kila nyumba 1,000 kuna nyumba 34 zilizosomwa vibaya. Ndani ya nyumba hizo wamo wazee na watoto.

Kwa hiyo swali la wakubwa wetu lisiwe tu kwamba mashine ni sahihi kwa asilimia ngapi. Liwe pia kwamba ile asilimia iliyobaki ni nani, na yuko wapi.

Macho ya angani juu ya viambo vyetu

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kazi kubwa ya kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni. Vijana wetu wenyewe walifundishwa kuzirusha, na hilo ni la kujivunia. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika katika mashindano ya kimataifa ya wataalamu wa kompyuta: nani ataweza kuifundisha mashine kuyatambua majengo yaliyomo ndani ya picha, na kuyagawa mafungu matatu, yaani jengo lililokamilika, jengo lisilokamilika, na jengo lililo msingi tu.

Sisi wa huku nje tulitafakari hilo fungu la tatu. Ni wangapi miongoni mwetu wenye msingi Fuoni, Tunguu au Wete? Mtu anabeba maboksi usiku London au anaendesha teksi Muscat, mwaka huu anapeleka fedha za matofali, mwaka ujao za nondo, na mwaka wa tatu mtoto anaugua na ujenzi unasimama. Kwa mashine, hapo pana msingi. Kwa mwenyewe, pana miaka kumi ya maisha yake. Ikija siku ya barabara kupita, au mwekezaji kupewa eneo, na karatasi ya fidia ikaandikwa kwa kufuata mafungu ya mashine bila ya mtu kwenda kuuliza, nani atalipa tofauti?

Sisemi kwamba mashindano yale yalikuwa na nia mbaya. Ramani nzuri inaokoa maisha. Huko Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwachukua wanafunzi wa vyuo na wakaazi wa mitaa inayofurika, wakaichora mifereji na njia za maji kwa kuwauliza wanaoishi pale. Mzee wa mtaa anajua maji yalifika wapi mvua iliyopita, jambo ambalo droni haijui. Ninachosema ni kwamba picha ikishapigwa na kuhifadhiwa, kazi yake ya kesho si lazima iwe ile iliyokusudiwa jana. Mwenye macho haambiwi tazama, na macho haya yako juu ya vichwa vyetu.

Tena yapo mambo ambayo jicho la angani haliyaoni kabisa. Halioni kwamba shamba lile ni eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964. Halioni kwamba kwetu mnazi au mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwengine. Halioni wakfu, halioni mirathi isiyogawiwa, halioni kaburi lisilojengewa. Kwa mujibu wa Sheria ya Umilikaji wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na mwananchi ana haki ya kuitumia. Kwa mwananchi ambaye karatasi zake hazijakamilika, ulinzi mkubwa alionao ni ushahidi wa majirani na sheha. Mkiiweka mashine mahali pa majirani, mmemvua ulinzi huo.

Upande wa mazingira ndio mgumu zaidi, kwa sababu pale kila mtu anajiona yuko upande wa haki. Nani atapinga kulinda mikoko ya Ghuba ya Chwaka, au msitu wa Jozani wenye kima punju wetu, eneo lililotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004? Setilaiti na programu zinaweza kuonesha mikoko inapungua wapi na ufukwe unaliwa wapi, na taasisi zetu zinahitaji kujua. Lakini doa jekundu kwenye ramani halisemi ni nani aliyekata. Haliwezi kumtenga mzee aliyelipumzisha shamba lake miaka mitano kisha akalirudia, na mfanyabiashara aliyekuja na lori usiku. Na mashine huangalia pale inapoelekezwa. Ikielekezwa kwa mkata kuni peke yake, isielekezwe kwa anayejenga hoteli juu ya ufukwe au anayechota mchanga kwa malori, basi hiyo siyo hifadhi. Ni dhulma iliyopewa kompyuta.

Linganisheni na wavuvi wa Kisiwa Panza kule Pemba, waliokubaliana wenyewe kuifunga miamba ya pweza kwa muda maalumu ili pweza wakue. Aliyevunja anajulikana, anaitwa, anasikilizwa. Mashine inayokuja kwa watu kama hao ije kuwaongezea khabari za kuamulia, isije kuwanyang'anya maamuzi.

Yaliyowakuta wenye mitambo

Kuna wanaodhani kwamba makosa haya ni ya nchi maskini tu, na kwamba wenzetu walioendelea wameshayamaliza. Sisi tunaoishi kwao tunajua si hivyo.

Hapa Uingereza, tangu mwaka 2015, Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa ikitumia programu ya kuyapanga maombi ya viza kwa rangi kama za taa za barabarani: kijani, manjano na nyekundu. Uraia wa mwombaji ulikuwa miongoni mwa vigezo, na palikuwa na orodha ya siri ya mataifa yanayotiliwa shaka. Mwombaji akipakwa rangi nyekundu, maombi yake yalichunguzwa kwa ukali na uwezekano wa kukataliwa ukawa mkubwa. Nyinyi mliowahi kumwombea mama viza aje kumwona mjukuu, mkajibiwa kwa barua ya kurasa mbili isiyoeleweka, mnajua uchungu wa kutojua ni nani aliyekuhukumu. Mashirika ya utetezi yalipokwenda mahakamani, wizara iliiacha programu ile Agosti 2020 kabla ya kesi kusikilizwa.

Uholanzi ni kubwa zaidi. Mamlaka ya kodi ilitumia programu ya kutafuta wadanganyifu wa posho za malezi ya watoto, na kuwa na uraia wa nchi mbili kulihesabiwa kuwa dalili ya shaka. Maelfu kwa maelfu ya familia, nyingi za wahamiaji, ziliitwa wezi na kudaiwa fedha wasizoweza kuzilipa. Watu walipoteza nyumba, ndoa zilivunjika. Januari 2021 serikali nzima ya Waziri Mkuu Mark Rutte ikajiuzulu kwa ajili ya kashfa hiyo.

Na kisa cha Posta ya Uingereza hakikuwa hata cha akili bandia. Ilikuwa ni mfumo wa kawaida wa hesabu wa kompyuta ulioonesha kuwa fedha zimepungua. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha vituo vya posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa sababu wakubwa walishikilia kwamba kompyuta haikosei. Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo Mei 2024. Wengine walikwisha kufa.

Tazameni kinachofanana katika visa vyote vitatu. Mashine ilikuwa na kosa, ndiyo. Lakini kilichowaumiza watu ni kwamba hapakuwa na ofisa aliyekuwa tayari kusema: uamuzi huu ni wangu, nionesheni nilipokosea. Kila mmoja alimnyooshea kidole kompyuta. Na hawa ni watu wenye magazeti huru, mahakama zinazofanya kazi na mawakili kila mtaa, na bado iliwachukua miaka. Sisi itatuchukua mingapi?

Masharti ya kukubali

Sasa tusiwe watu wa kulaumu tu. Taasisi ikitaka kuitumia akili bandia kwa uadilifu, nadhani haya ndiyo ya kuanzia.

Kwanza, itaje tatizo kabla ya kutaja mtambo. Kama mikoko inakatwa kwa sababu walinzi hawana boti wala mafuta, kununua programu ya kuwaonesha mikoko inavyokatwa ni kuwatazamisha msiba. Mara nyingine dawa ni daftari lililoandikwa vizuri. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na taasisi ambayo daftari lake limevurugika, mashine itauchukua mvurugiko huo huo na kuukimbiza kwa kasi.

Pili, mashine ijaribiwe kwetu kabla ya kutumika kwetu. Ijaribiwe kwenye mapaa ya makuti na mabati yaliyokula kutu, kwenye nyumba zilizofichwa na miembe, kwenye mashamba ya Micheweni na ya Makunduchi. Makosa yahesabiwe kwa kila shehia na yatangazwe, kama wale wa muhogo walivyotangaza ya kwao. Na tathmini ya madhara itangulie kazi. Mahakama Kuu ya Kenya, Oktoba 2021, iliamua kwamba uzinduzi wa kadi za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa za watu. Jirani akinyolewa, wewe tia maji.

Tatu, kila uamuzi unaomgusa mtu uwe na ofisa mwenye jina na saini. Mashine ishauri, mtu aamue, na mtu huyo awe na uwezo na muda wa kuikatalia. Mwenye kuguswa apewe taarifa kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba mashine ilitumika, ramani ibandikwe kwa sheha, na uwepo muda wa kutosha wa kuweka pingamizi. Mimi napendekeza siku 90, ili na aliye Toronto au Dubai apate kuambiwa na kujibu.

Nne, mikataba iwe wazi. Picha na takwimu ni za nani? Nakala inabaki wapi? Mfadhili akiondoka, mfumo unaendelea au unakufa naye? Kampuni inaruhusiwa kuzitumia picha zetu kutengenezea bidhaa ya kwenda kuuza kwengine? Tuwaulize pia waliofanya kazi ya mikono. Usione vyaelea, vimeundwa. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi waliosoma na kutia alama maandishi ya kutisha, ili akili bandia ijifunze kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Taasisi inayohubiri haki haiwezi kufumba macho hapo. Wala jumuiya ya mazingira haiwezi kusahau kwamba mitambo hii inakula umeme. Shirika la Kimataifa la Nishati limekadiria kwamba vituo vya kompyuta duniani vilitumia kiasi cha asilimia 1.5 ya umeme wote mwaka 2024, na matumizi yanapanda. Kazi inayoweza kufanywa na programu ndogo ya simu isipelekwe kwenye jitu.

Tano, na hili ni la wanasiasa wetu, iwepo sheria inayotufika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki dhidi ya maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Ni hatua nzuri. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kwa upande wa Zanzibar haitumiki kwa mambo yasiyo ya Muungano. Ardhi si jambo la Muungano. Misitu si jambo la Muungano. Kwa maneno mengine, pale hasa ambapo macho ya angani yanatazama, kinga yetu haitoki Dodoma. Ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, na kila mwakilishi anayekuja kuomba kura aulizwe: kwa uamuzi wa mashine juu ya kiambo changu, umeniwekea haki gani?

Kwa wanaosema tunachelewesha maendeleo

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba watu wa nje wamekaa kwenye baridi yao wanatuwekea vikwazo, ilhali sisi tunataka kwenda na dunia. Jibu langu ni kwamba dunia yenyewe inakwenda hivyo. Sheria ya Akili Bandia ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza rasmi Agosti 2024, imejengwa juu ya msingi huo huo: kadiri madhara yanavyoweza kuwa makubwa kwa mtu, ndivyo masharti yanavyokuwa makali. Umoja wa Afrika nao uliidhinisha mkakati wake wa akili bandia Julai 2024. Anayetuambia tusiulize ndiye aliyeachwa na dunia.

Na wako ndugu zangu wa upande wa pili wanaosema tuikatae yote, ni mambo ya wakoloni mamboleo. Hao nawaambia kwamba kukataa hakutazizuia setilaiti kupita juu yetu. Kampuni zitatutazama tukitaka tusitake. Taasisi zetu zisipojifunza kukitumia chombo hiki, tutabaki kuambiwa na wageni msitu wetu una miti mingapi na kisiwa chetu kina nyumba ngapi, na hatutakuwa na uwezo wa kuwabishia.

Kazi yetu sisi wa nje

Mwisho, tusikae kunyoosha vidole. Miongoni mwetu wapo wahandisi wa programu, wanasheria wa mikataba, walimu wa hisabati na wafanyakazi wa halmashauri za miji ambao wameziona programu hizi zikifanya kazi na zikiharibu. Fedha tunazopeleka nyumbani ni wajibu, lakini ujuzi huu nao ni mali. Mwanasheria mmoja akijitolea kuusoma mkataba kabla jumuiya ya mazingira ya Pemba haijautia saini, amefanya kazi kubwa. Mhandisi mmoja akiwapa wanafunzi wa SUZA saa mbili kwa wiki kuwafundisha namna ya kuihoji mashine, amepanda mnazi.

Lipo na la lugha. Mashine zinajifunza Kiswahili kutokana na sauti na maandishi yanayopatikana, na yanayopatikana zaidi ni Kiswahili sanifu cha redio. Bibi wa Makunduchi au mvuvi wa Tumbatu akipiga simu ya huduma ya umma akajibiwa na mashine isiyomfahamu, hatalalamika. Atakata simu na atakosa haki yake kimya kimya. Tuzirikodi sauti za wazee wetu kwa ridhaa yao, na tuhakikishe zinabaki mikononi mwetu.

Na kila mmoja wetu afanye jambo dogo wiki hii. Ampigie simu aliye nyumbani amuulize mpaka wa shamba unapita wapi, mikarafuu ni ya nani, karatasi ziko kabati gani, na sheha anajua nini. Ayaandike. Ramani ya mashine itakapokuja kubandikwa, na itakuja, awepo mtu wa kusimama mbele yake na kusema hapa sivyo, na awe na cha kuonesha.

Naomba kutoa hoja.